Shamba la Shule na Swali Ambalo Foster Hakulijibu

Kila inapotajwa Elimu ya Kujitegemea, sera ya Julius Nyerere wa Tanzania, huinuka mtu akamtaja mtafiti wa elimu Philip Foster, na mjadala ukafungwa papo hapo. Mwaka 1965, kwa ushahidi alioukusanya Ghana, Foster alidai kwamba kutia kilimo kwenye mtaala hakumfanyi kijana awe mkulima. Kijana hutazama kipato kiliko. Akiona karani anampita mkulima, ataikimbilia kalamu hata ashikishwe jembe miaka saba. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi: bei mbaya ya pamba humtoa kijana shambani upesi kuliko somo lolote linavyoweza kumrudisha. Lakini wanaoigeuza rungu la kuvunjia shamba la shule wanaruka hatua. Mtu kuhama kijiji si ushahidi kwamba hakujifunza kitu shambani. Hayo ni maswali mawili, na Foster alijibu moja.

La pili, yaani kazi ya mikono humfundisha mtu nini na kwa sharti gani, alilishughulikia Nyerere Machi 1967, katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, kinachotajwa sana na kusomwa kidogo. Wengi hukumbuka majembe tu. Humo, hata hivyo, mbolea inaelezwa kwanza katika somo la sayansi, kisha faida na mipaka yake inaonekana shambani. Malisho na matuta ya kuzuia mmomonyoko vivyo hivyo. Tena kuna pale anapotaka wanafunzi washiriki kuamua: fedha yao ikodi trekta, au walime kwa mikono ili fedha ifanye kazi nyingine? Nalishikilia sharti hilo kuliko yote. Mwanafunzi anayepima kodi ya trekta na jasho lake anafanya hesabu halisi, na anajifunza kukubaliana na wenzake. Mnyang'anye uamuzi huo, umebaki na kibarua asiyelipwa. Shamba lilipogeuzwa adhabu ya wachelewaji, na mavuno yakaondoka bila waliolima kuonyeshwa hesabu, kilichoshindwa hakikuwa fikra ya 1967. Kilikuwa kinyume chake.

Indonesia ilionyesha thamani ya kumwachia anayejifunza uamuzi mwaka 1989, lilipoanza shamba darasa la mpunga. Wakulima walikutana kila wiki msimu mzima, wakahesabu wadudu waharibifu na buibui wanaowala, wakachora walichokiona, ndipo wakaamua kama dawa inahitajika. Nitaambiwa hao ni watu wazima wenye mashamba yao, na kwamba Foster mwenyewe alipendelea mafunzo yaliyo karibu na kazi. Ni kweli. Basi tuisogeze shule karibu na kazi. Shinyanga, nchini Tanzania, ni mahali pa kuanzia. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, chini ya sheria za dagashida, baraza lao la jadi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijengwa juu ya ujuzi huo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudishiwa uoto. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupima urefu wa nyasi ndani na nje ya eneo la ngitili, akawauliza wazee lilifungwa lini na kwa nini, akahesabu mifugo ya kijiji, kisha darasa lake likapeleka hesabu hiyo kwenye kikao kinachopanga siku ya kulifungua.