SOMO LA KUMI NA MBILI: WAZAZI WA MTOTO ASIYE KAMA WENZAKE



Katika somo lililopita tulieleza wajibu wa watoto kwa wazazi wao. Wengi wenu mlifurahi, hasa ninyi wazazi. Leo twageuza upande. Twataka kunena juu ya wazazi wenyewe, wala si wazazi wote, bali wale waliojaliwa mtoto ambaye akili yake haiendi kwa njia ya wenzake: mtoto asiyesema, au asemaye maneno ya watu wengine tu, mtoto azibaye masikio ngoma ipigwapo, mtoto asiyeweza kukaa kitako hata kidogo, mtoto ambaye herufi zamponyoka mwaka wa tatu shuleni, ijapokuwa si mjinga. Wazazi hao wako Nyangwe, wako Kasongo, wako Kabambare, wako katika kila kijiji sauti hii inakofika. Mara nyingi hamwaoni, maana huona haya kutoka.

Yatupasa kuanza na kosa letu sisi wenyewe. Miaka kadha iliyopita, katika darasa la Komunyo ya kwanza, tulikuwa na mvulana wa miaka tisa hivi. Mafundisho yetu, kama mjuavyo, huenda kwa maswali na majibu. Sisi twauliza, watoto wajibu kwa sauti moja. Mvulana huyu hakujibu, alirudisha swali. Tukimwuliza ni nani aliyemwumba, naye hutuuliza lile lile, neno kwa neno, kwa sauti yetu, hata na kikohozi chetu ndani yake. Watoto wakacheka mno. Sisi tukadhani anatudhihaki. Siku ya tatu tulimshika mkono tukamtoa nje, tukamwambia mama yake asimlete tena mpaka ajue adabu. Mama hakubisha. Alimfunga mdogo mgongoni, akamshika yule mkubwa kiganja, wakaenda zao kwa njia ya mtoni. Twaikumbuka sana migongo yao.

Ni muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliyetufumbua macho alipopata habari. Alituuliza, “Mwalimu, je, mtoto mchanga hujifunzaje kusema, kama si kwa kurudia?” Akatueleza kwamba wako watoto wakaao katika ngazi hiyo ya kurudia miaka mingi, na kwamba kurudia huko ndiko kujibu kwao. Hali hiyo ina jina. Waganga huiita otisimu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita usonji. Jina ni jipya, bali watoto si wapya. Mwaka 1943 mganga Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza: baadhi walirudia maneno kama mwangwi, wakataka kila kitu kikae pale pale kilipokuwa jana. Mama yule wa mtoni alikuwa amekwisha kuyajua hayo yote bila kusoma. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 ulimwenguni alikuwa na usonji. Simameni siku ya soko mhesabu wapitao mbele yenu, hamtafika mbali.

Sasa twafika penye maumivu. Mtoto wa namna hii akionekana katika jamaa, swali la kwanza si “Tumsaidieje?” bali “Nani aliyeleta jambo hili?” Mashemeji humtazama mama. Wengine husema alikula nyama ya mwiko alipokuwa na mimba. Wengine hukumbuka mahari isiyokwisha kulipwa. Msidhani ni sisi tu. Zamani hata wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwatwika mama lawama, wakisema kwamba mtoto amekuwa hivyo kwa sababu mama yake hana joto la upendo. Mama wengi walilia bure kwa maneno hayo kabla hayajakanushwa. Leo yajulikana kwamba mtoto huzaliwa na hali hii, na kwamba sehemu kubwa yatokana na urithi wa damu, kama vile mtu arithivyo urefu. Si chanjo, wala si laana. Na yule kipofu tangu kuzaliwa, ambaye wanafunzi waliuliza kama alikosa yeye au wazazi wake, mwajua wenyewe jinsi Bwana alivyolikataa swali pande zote mbili.

Jamaa ya mvulana wetu nayo ililiuliza swali hilo. Nyanya yake mzaa baba alisema kwamba mtoto huyu si mtu, bali ana wenziwe wa usiku, ndiyo maana hutazama pembeni mtu asemapo naye. Wakatafuta chumba cha maombi ambako mtoto angefungishwa siku tatu bila chakula wala maji, hata aungame. Mama alikuja kwetu usiku, kwetu sisi tuliomfukuza mtoto wake, kwa kuwa hakuwa na mlango mwingine. Alisimama nje. Alisema neno moja tu: “Baba mwalimu, watamwua.”

Hapo hatukuhitaji elimu kubwa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi; na Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 yamwekea mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Asubuhi tulikwenda na mzee wa shirika na mkubwa wa kijiji, tukakaa na jamaa tangu asubuhi hata jua la kichwa. Sheria iliwanyamazisha, lakini haikuwageuza, twasema kweli. Aliyewageuza kidogo ni baba mdogo wa mtoto, mvuvi, mtu asiyependa maneno. Alisema, “Mtoto huyu hutambua kila mtumbwi kwa mlio wa kasia kabla haujatokea penye kona. Mchawi angepoteza wakati kwa kazi hiyo?” Watu wakacheka, na hasira ikapoa. Mtoto hakupelekwa. Baba yake alikaa kimya siku ile yote.

Lakini kumwokoa mtoto siku moja ni jambo moja, na kukaa naye kila siku ni jambo jingine. Waganga wa akili wako Kinshasa, wako na Bukavu, ambako Mabruda wa Karita wana kituo cha Sosame; kutoka Nyangwe ni safari ndefu na ya gharama. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya nyumbani. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafundisho kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, mikutano 9 na kutembelewa nyumbani mara 3, nayo yaweza kufundishwa na mtu asiye mganga akiisha kuandaliwa. Mengi ya mambo yake si ya ajabu. Huyatumia maisha yenyewe ya nyumba: kula, kuoga, kuvaa, kucheza.

Kwanza kabisa, mtoto asiyesema apimwe masikio katika dispensari, maana huenda ni kiziwi tu, na hilo lina njia yake. Mkiisha kujua kwamba asikia, basi semeni naye maneno machache. Usimwambie, “Wewe, hebu inuka sasa ukanawe halafu uje ule kabla sijakasirika.” Mwambie, “Maji,” ukimwonyesha kata. Halafu, “Chakula.” Akirudia neno, mpe kitu hicho mara moja, apate kujua kwamba neno lina nguvu. Mpangie siku yake, kila jambo katika zamu yake. Na ikiwa zamu itageuka, mwambie mapema. Mama yule hutundika kikapu mlangoni tangu usiku wa kuamkia soko. Mtoto akikiona asubuhi, ajua kwamba siku si ya kawaida, wala hapigi kelele.

Soko lenyewe ni taabu. Soko la Nyangwe lina sifa tangu kale. Livingstone, aliyekaa hapa mwaka 1871, aliandika habari zake. Sisi twafurahia makelele yale. Bali kwa mtoto huyu sauti zote huingia kwa pamoja, kama maji yavunjapo ukingo: kuku, mashine ya kusaga, redio, watu wabishanao bei, harufu ya samaki na mawese. Akianguka chini na kujipiga kichwa, si ukaidi. Fimbo haimsaidii, huongeza kelele moja juu ya nyingine. Mwondoe pale, umketishe penye kivuli, unyamaze naye. Ninyi mwuzao, pisheni njia, wala msikusanyike kutazama.

Juu ya chakula tusemeni kidogo. Mvulana wetu hula wali mtupu. Sombe ikigusa wali, sahani yote yaachwa. Mama alipigana naye mwaka mzima, kisha akaanza kumwekea sombe katika kibakuli cha peke yake, mbali, bila kumlazimisha. Baada ya miezi alianza kuonja. Wakwe wanasema amemdekeza. Sisi twasema mtoto amekula.

Bali juu ya mto hatutasema kidogo. Watoto wengi wa namna hii hupenda maji, tena hutoroka bila kuaga, wala hawaitikii waitwapo. Kuzama ni katika hatari kubwa za maisha yao, nasi twakaa ukingoni mwa Lualaba. Mama hawezi kulinda njia zote za mto akiwa peke yake. Huo ni ulinzi wa kijiji kizima. Wavuvi na wenye mitumbwi waonyeshwe mtoto na kuambiwa jina lake. Yeyote amwonaye peke yake chini ya mteremko amshike mkono polepole, amrudishe, wala asimkemee mama. Tena afundishwe kuogelea mapema. Baba mdogo ndiye aliyemfundisha wetu. Na baba mzazi, ambaye alikuwa hamtazami, alianza kushuka naye jioni. Walikuwa hawasemi neno, wote wawili wakisikiliza makasia.

Yule asiyetulia na yule ashindwaye na herufi nao wana somo lao, nasi leo twapita upesi tu: asiyetulia apewe kazi fupi fupi zenye mwendo, kama kuchota maji au kupeleka habari, ashindwaye kusoma asiitwe mvivu, aulizwe kwa mdomo yale asiyoweza kuandika. Tulikwisha kuwapiga wengi wa namna hiyo katika shule zetu. Na waliopigwa sasa ni watu wazima, wanatusikia.

Tuwarudie wazazi. Tulimwuliza mama yule ni msaada gani uliomfaa kuliko yote. Tulitazamia ataje sala zetu au ule mkutano wa jamaa. Hakuutaja. Alimtaja jirani, mjane, ambaye kila siku ya tatu huja kuketi na mtoto wakati mama anapotwanga mpunga na kuoga. “Siku hiyo naoga mpaka mwisho,” alisema. Basi ndiyo kazi tuwapayo wasikilizaji wetu wa mashirika: msiende na mashauri, nendeni na saa moja. Kaeni na mtoto, bebeni maji, lindeni mlango, ili mama alale usingizi, maana watoto hawa wengi hulala kidogo na wazazi wao hulala kidogo kuliko wao. Kina baba, msiliachie jambo hili jiko. Na ndugu zake mtoto wasisahauliwe. Dada mkubwa aliyegeuzwa mlinzi naye ataka kucheza.

Na sisi makatekista? Tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, jambo gumu kwa mtu aliyezoea kuitwa mwalimu. Tukaanza tena bila maswali. Tulimwonyesha mkate wa kula, kisha siku nyingine tukamwonyesha, kanisani, altare na kengele na taa nyekundu. Papa Pio wa Kumi, mwaka 1910, alimtaka mtoto atambue Ekaristi na mkate wa kawaida, wala hakudai hotuba. Na Mwongozo wa Katekesi uliotolewa Roma mwaka 2020 wasema wazi kwamba watu wenye ulemavu wasinyimwe sakramenti. Marehemu Papa Fransisko aliwapokea mwenyewe watu wenye usonji na jamaa zao, Novemba 2014. Mvulana wetu, akiona mkate wa nyumbani, aliupeleka mdomoni mara moja. Penye taa nyekundu alisimama akainama, jambo tusilomfundisha. Paroko aliona hayo, akakubali.

Hata leo husimama karibu na mlango, kwa sababu ya ngoma. Padri akiwasalimu watu, watu huitikia, naye hurudia salamu ya padri kwa sauti ya padri. Wageni hugeuka. Wenyeji hawageuki tena.

Barua zenu tatu juu ya kifafa tumezipokea. Juma lijalo muuguzi tuliyemtaja atazijibu mwenyewe. Kwa sasa ashika haya: mtu aangukapo msimtie kitu kinywani, mlazeni kwa ubavu, wala msiogope mate yake, hayaambukizi, na aliyepewa vidonge asiviache hata kama haanguki tena, mpaka mganga aseme. Wazazi wenye mtoto kama tuliyemweleza waje nyumba ya mafundisho baada ya Misa ya Jumapili, pamoja na watoto wao. Ngoma tutaziweka mbali.