NTA YETU TUSIIUZE BUTURA

(Maneno yaliyosomwa na Katibu wa Chama katika mkutano wa wanaushirika, Isingiro. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)





Leo hatukuja na siasa ndefu. Tumekuja na daftari. Jambo lenyewe ni mishumaa ya nta yenye harufu ambayo kikundi chetu kilianza kuitengeneza. Wako wanaosema kazi hii inalipa, na wako wanaosema haina faida, tuiache. Wote tumewasikia. Sasa tulisikilize daftari.

Kwanza tukumbushane. Zamani tulikuwa tukikamua asali na kutupa masega jalalani. Tulikuwa tunatupa fedha. Nta ya nchi hii ilikuwa ikiuzwa Ulaya tangu enzi za Mjerumani, na wenzetu wa Tabora wamekuwa wakiuza asali na nta kwa njia ya ushirika kwa miaka mingi. Sisi tumechelewa, lakini tumeanza.

Kazi yenyewe mnaijua. Masega yanatiwa ndani ya gunia safi, yanachemshwa kwa maji, yanakamuliwa, na maji yakipoa nta inaganda juu. Maji ya mvua ndiyo bora. Kisha nta inayeyushwa tena, inachujwa kwa kitambaa na kumiminwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa, ikafungwa kamba na kupakwa mafuta kidogo ya kula. Utambi ni uzi wa pamba uliosokotwa na kuchovywa katika nta kwanza.

Hapa tuseme wazi jambo la hatari. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi. Haina haja ya moto mkali. Sufuria ya nta iwekwe ndani ya sufuria kubwa yenye maji, isikae juu ya moto moja kwa moja. Ikishika moto, USIMWAGE MAJI. Maji yataurusha moto mpaka usoni pako. Funika kwa mfuniko, ondoa kuni. Na watoto wakae mbali.

Sasa tufungue daftari. Mara ya kwanza tulitumia nta kilo 5 tukapata mishumaa 50. Tuliuza kila mmoja shilingi 1,000, tukapata shilingi 50,000. Tulikuwa tumetoa mfukoni hivi:

Mafuta ya harufu ya mchaichai: 15,000
Uzi wa tambi: 3,000
Kuni: 4,000
Karatasi za kufungia: 2,000
Jumla: 24,000

Ikabaki 26,000. Tukapiga makofi, na soda zikanywewa. Sisi viongozi ndio tuliokuwa mbele kupiga makofi.

Basi mama mmoja wa darasa letu la kisomo, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiweka dole gumba badala ya sahihi, akanyoosha mkono. Akauliza: "Na nta je?" Tukamjibu kwamba nta ni yetu, imetoka kwenye mizinga yetu, hatukuinunua. Akasema: "Kwani mchuuzi akija hapa anaichukua bure?"

Kimya kikatanda. Mchuuzi alikuwa akinunua nta ghafi kwetu kwa shilingi 8,000 kwa kilo. Kilo 5 ni 40,000. Kumbe tungeuza nta vilevile ilivyo tungepata 40,000 bila kuungua vidole. Sisi tulifanya kazi watu wanne, siku mbili, tukapata 26,000. Hatukupata faida. Tulipata hasara ya 14,000, na jasho juu yake.

Ndugu zangu, butura mnaijua. Kahawa ingali ua mtini, mtu ana shida ya ada au ya ugonjwa, anamwuzia mlanguzi kwa bei ya kutupa. Tunawalaumu walanguzi kila mwaka. Lakini kwenye mishumaa hii mlanguzi hakuwapo. Tulijifanyia butura sisi wenyewe, kwa kutojua hesabu.

Hesabu iliyo kamili ni hii. Vifaa 24,000. Nta 40,000. Kazi ya watu wanne kwa siku mbili, tukiweka 5,000 kwa mtu kwa siku, ni 40,000. Jumla 104,000. Gawa kwa 50, kila mshumaa umetugharimu 2,080. Tukiuza 2,500 tunapata 125,000, na faida ya kikundi ni 21,000. Hiyo ndiyo faida. Isiyohesabu jasho siyo faida.

Mtauliza: nani atanunua mshumaa kwa 2,500 wakati wa dukani ni rahisi? Swali zuri. Anayetaka mwanga hatanunua. Siku hizi ana umeme, au sola, au tochi ya simu. Tusimfuate huyo. Tumfuate anayetaka nta halisi na harufu yake. Makanisa yanahitaji mishumaa, hasa mkesha wa Pasaka, na kwa Wakatoliki tarehe 2 Februari mishumaa hubarikiwa. Tena mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato zilifanywa Hifadhi za Taifa. Wageni wanaokuja huko hupenda kuondoka na kitu cha mahali hapa.

Kuhusu harufu, tusijidanganye. Kuchemsha majani ya mchaichai na kumimina maji yake kwenye nta hakufai. Nta na maji havichanganyiki. Yanayotakiwa ni mafuta, na majani kilo 100 hutoa mafuta nusu kilo au pungufu. Ndiyo maana ni ghali. Basi mishumaa mingine iachwe na harufu yake ya asali, hiyo tunapewa bure na nyuki. Wala tusimwambie mnunuzi kwamba mshumaa wa mchaichai unazuia malaria. Kinga ni chandarua.

Sasa tufike penye donda. Baada ya bei kupanda, baadhi yetu tulichanganya nta na mishumaa ya dukani iliyoyeyushwa, ambayo asili yake ni mafuta ghafi ya petroli, ili kupunguza gharama. Juu ya karatasi tukaandika "Nta Halisi". Mnunuzi mmoja wa mjini aliitambua kwa harufu akarudisha mzigo wote. Alikuwa na haki. Hatutaji jina la mtu hapa, maana walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliochanganya, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Jina la Isingiro ndilo lililorudishwa katika lile boksi.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu mapendekezo haya:

1. Kinachoandikwa juu ya mshumaa ndicho kiwemo ndani yake. Atakayechanganya kwa siri arudishe gharama ya mzigo wote.

2. Nta ya mwanachama ipimwe na kuandikwa kwa bei ya siku hiyo, hata kama imetoka kwenye mzinga wake.

3. Siku za kazi ziandikwe, kila mtu atie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, kisha aje darasani.

4. Tuwaone SIDO Bukoba kwa mafunzo ya ufungashaji. Shirika hili limekuwa likihudumia viwanda vidogo tangu 1973.

5. Vikundi vya akina mama, vijana na wenzetu wenye ulemavu viombe mkopo wa halmashauri, lakini baada ya daftari kukaa sawa. Mkopo juu ya hesabu mbovu ni deni tu.

Mkutano ujao tutapiga kura: tuendelee au tuiuze nta ghafi. Kuuza ghafi si aibu, kama hesabu ndiyo inayosema hivyo. Aibu ni kuendelea bila kuhesabu. Daftari liko ofisini, kila mwanachama ana haki ya kulifungua. Njoni mlisome kabla ya kura.



Katibu wa Chama, kwa niaba ya Kamati