Kidau Kimoja cha Wino

Wazazi, walimu, nanyi wanangu mliovaa joho leo, hongereni sana.

Hapa Darajani, Zanzibar, jina limebaki, daraja halipo. Zamani mkono wa bahari ulipita hapa, na upande wa pili ukaitwa Ng'ambo mpaka leo. Mji Mkongwe walikaa zaidi Waarabu, Wahindi na Wazungu. Ng'ambo, Waafrika wengi. Maji yalifukiwa, lakini skuli zikabaki na mipaka yake. Wahindi walikuwa na zao, wamishenari zao. Mtoto wa Ng'ambo aliyetaka digrii ilimbidi avuke bahari hadi Chuo cha Makerere, Uganda, na waliovuka walikuwa wachache mno.

Tarehe 23 Septemba 1964, mwaka ule wa Mapinduzi, Rais wa Zanzibar Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo kwa watoto wote. Nilikuwa na miaka tisa. Bibi alinifulia shati usiku, likakauka juu ya jiko la mkaa, asubuhi akanishika mkono tukapita soko la Marikiti. Nilikalishwa dawati moja na mtoto wa Kihindi. Kidau cha wino kilikuwa kimoja, tukawa tunachovya kwa zamu, kimya. Siku ya tatu akachora saba ya Kigujarati pembezoni mwa daftari langu. Nami nikamfundisha kupiga mluzi.

Mwaka uliofuata nafasi yake ilikuwa tupu. Familia nyingi zilihama visiwani kwa hofu baada ya Mapinduzi, na yake ilikuwa mojawapo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ile ile iliyofungua milango ikagawa nafasi za sekondari kwa hesabu ya kabila. Mtoto alifaulu mtihani, akakosa nafasi kwa sababu ya babu yake. Mimi nilinufaika na mlango uliofunguliwa, na nitaushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini waliofungiwa nao walikuwa watoto wetu, na ninawaambieni haya leo kwa sababu kesho nyinyi ndio mtakaopokea barua za maombi. Someni cheti kwanza, jina baadaye.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kazi mwaka 2001. Safari ya Makerere imekuwa safari ya daladala!

Asubuhi hii majina yenu yalipokuwa yakisomwa, nilijikuta nimeinama mbele, nikitega sikio. Nilikuwa nalisubiri jina la ukoo wa yule rafiki yangu. Pengine mjukuu amerudi.