Bosi wa Vitambaa Aje Dukani

Wakubwa wa kampuni za vitambaa Marekani wakienda kuwatembelea washona mifarishi ya viraka, wasiishie kupiga picha. Tangu Joann, kampuni ya maduka ya vitambaa, ilipofunga maduka yake yote mwaka 2025, takriban 800, wateja wengi wamebaki na maduka madogo ya mtaani. Na mteja huyu si wa kununua gora zima. Anataka robo yadi, inchi 18 kwa 22, na ataipapasa kwanza kwa kidole gumba. Kitambaa chekundu kikichuja majini na kuharibu kazi ya miezi, hasahau, na wenzake watajua kabla ya Jumapili! Ripoti ya mauzo haisemi hayo. Bosi aketi mezani, aulize rangi ipi inadoda, na asinune akiambiwa bei imezidi.