Mtoto Ajue Sauti Kwanza, Jina la Herufi Baadaye



Mwandikieni mtoto wa darasa la kwanza neno "mama" ubaoni. Yule aliyefundishwa majina ya herufi atasema "me, a, me, a", kisha atanyamaza. Huyu hana kosa. Amesema yote aliyofundishwa. Lakini majina hayo, hata yakiharakishwa namna gani, hayatoi "mama". Aliyefundishwa sauti hubana midomo, "mmm", akaifungulia "a", na neno likaja lenyewe.

Katika jambo hili lugha yetu imetupa neema. Mtoto wa Kiingereza ana herufi 26 za kubebea sauti zipatazo 44, na herufi moja humgeuka kila mara. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hushika sauti yake popote iandikwapo.

Hata hivyo njia ina mashimo. "Ngoma" na "ng'ombe" hutenganishwa na alama ndogo ambayo walimu wengi huipita haraka. Katika "mtu", m husimama peke yake kama silabi. Tena baadhi ya lugha zetu za nyumbani hazitofautishi r na l. Mtoto asiyesikia tofauti ya "kura" na "kula" hataiona ubaoni, na hapana budi sikio lake lifundishwe kabla ya jicho.

Kubwa kuliko hayo ni kuimba kwa pamoja. "Ba, be, bi, bo, bu!" Darasa zima hunguruma, na mgeni hufurahi. Kumbe mtoto wa nyuma anatazama dirishani, naye anaimba sawasawa. Mwalimu na aonyeshe silabi bila mpangilio, au aandike neno lisilo na maana, kama vile "tupeki". Asiyejua sauti hatakuwa na pa kujificha. Najua madarasa yamejaa. Lakini watoto kumi kwa siku, dakika moja kila mmoja, darasa la watoto themanini litakwisha katika siku nane.

Tusipofanya hivyo, mtoto huyo atafika darasa la tatu, ambako kila somo humchukulia kuwa msomaji. Atanakili ubao kwa mwandiko mzuri, na daftari lake litajaa alama za vema.

Basi nasi wa ofisini tutembeleapo shule, tusiridhike na kuimbiwa. Tumwombe mwalimu atuitie mtoto mmoja wa dawati la nyuma, tumwandikie neno ambalo hajapata kuliona.