Baba Yangu na Daftari Lake la Maswali

(Haya ni maneno aliyoyasema mtafsiri mmoja wa Serikali mbele ya mkutano wa wazazi, walimu na wanafunzi huko Kiritiri, Embu.)



Nimeombwa niseme juu ya elimu nyumbani. Ningaliweza kuwaletea maneno ya vitabuni, lakini nimeona ni afadhali niwaeleze habari za mtu mmoja ambaye wengi wenu mlimjua, naye ni marehemu baba yangu.

Baba alizaliwa papa hapa Mbeere, na utoto wake aliumaliza machungani. Ndugu zake walipelekwa shuleni, yeye akabaki, maana mbuzi hawawezi kukaa bila mchungaji. Hakulalamika, wala hakusahau. Mwaka 1979, Serikali ilipoanzisha kampeni ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, yeye alikuwa amekwisha oa. Akaenda akaketi katika darasa lile ambalo watu walilicheka na kuliita ngumbaru. Siku alipoweza kuandika jina lake, aliliandika kwa makaa juu ya mlango wa ghala, na mama alikatazwa kulifuta.

Nasi watoto tulipokua, baba aligeuza kila likizo kuwa safari. Mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, husema, "Kesho twaenda kuiona dunia." Dunia hiyo mara nyingine ilikuwa kilima cha Kiang'ombe, na mara nyingine ilikuwa ukingo wa mto Thiba. Kila mtoto alipewa kazi yake. Mmoja alihesabu mito tuliyoivuka, mmoja aliwauliza wazee majina ya mahali, na dada yangu mkubwa alichukua daftari na kuandika. Ilikuwa mwiko kurudi nyumbani bila swali.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya Agosti 1997, miezi michache kabla ya mvua kubwa za El Niño. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulikwenda Kamburu, tumechukua mahindi na kunde na kibuyu cha uji wa uwele. Tulipofika mahali pa kuuona ukuta wa bwawa, baba alituketisha chini ya mgunga, akachora mto Tana mchangani kwa fimbo yake. Akatueleza mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo lililotangulia kujengwa, likafunguliwa mwaka 1968, na Kiambere likafuata mwisho, mwaka 1988. Masinga, lililo juu ya yote, ndilo ghala la maji. Hulimbika maji ya mvua na kuyafungulia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Maji huteremka kwa nguvu, huzungusha mitambo, stima hupatikana, kisha maji yale yale huendelea na safari yake mpaka bwawa la pili.

Baba akasema, "Angalieni sana. Maji haya hufanya kazi mara tano, wala hayapungui kwa sababu ya kufanya kazi. Na elimu ni vivyo hivyo. Ukimpa mwenzako, wewe hubaki nayo."

Ndipo dada yangu akanyosha kidole juu kwenye nyaya zilizokuwa zikienda zake mbali, akauliza, "Baba, ikiwa stima yatoka hapa kwetu, mbona sisi twasoma kwa koroboi?" Mama alitaka kumnyamazisha, lakini baba alimzuia. "Swali hilo ni jema," akasema. "Liandike."

Bwana Mwenyekiti, sasa yanipasa kuwaambia jambo ambalo si la kunisifu. Nilipokwenda shule ya sekondari, na baadaye nilipopata kazi ya Serikali, nilianza kumwona baba kuwa mtu wa maswali mengi mno. Mwaka 2004, mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, baba alifurahi kama kwamba ni ndugu yake. Alikata picha yake gazetini akaibandika ukutani. Mimi niliona haya mbele ya rafiki zangu. Na kila Krismasi nilipokuja nyumbani, baba alileta daftari lake, nami nilimjibu, "Kesho, baba, leo nimechoka." Kesho hiyo haikufika. Baba alituaga mwaka 2019.

Baada ya mazishi, mama alinipa daftari lile. Kurasa za mwisho baba ameziandika, "Maswali ya kumwuliza mwanangu." Yaliyojibiwa ameyatia alama. Swali la dada yangu juu ya koroboi lilikuwa na alama, na pembeni yake ameandika mwaka 2016, mwaka stima ilipofika nyumbani kwetu. Maswali kumi na manne hayakuwa na alama. Moja lasema hivi: "Kirinyaga u karibu na ikweta, mbona juu yake mna barafu?"

Jibu lake ningaliweza kumpa kwa dakika tano. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa hupoa, kiasi cha digrii sita kwa kila mita elfu moja. Na kilele cha Kirinyaga ki mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo huku chini twatoka jasho, na kule juu maji huganda. Ningaliweza pia kumwambia kwamba barafu ile inapungua mwaka kwa mwaka kwa sababu dunia inazidi kupata joto, naye bila shaka angaliniuliza swali jingine juu ya hilo. Lakini sikumwambia.

Basi, akina baba, msiseme kwamba hamna fedha za kuwatembeza watoto wenu. Baba yangu hakuwa na gari. Alikuwa na fimbo na daftari na miguu miwili. Na ninyi vijana mliosoma, mzazi akikuletea swali, usimwambie "kesho." Weka mzigo chini, keti naye, umjibu. Huenda yeye aliuza mbuzi ili wewe ulijue jibu hilo.

Mimi nimebakiwa na maswali kumi na manne. Agosti ijayo nitawachukua watoto wangu mpaka Kamburu, tutaketi chini ya mgunga, tutayajibu moja moja, na mtoto wangu wa kwanza ndiye atakayetia alama.