Kunyoosha na Kukunja: Julio Ottino na Elimu ya Kuchanganya



Viwanda vya rangi, plastiki na dawa vinaishi kwa kuchanganya, lakini kwa muda mrefu wahandisi tulitegemea uzoefu tu: mchanganyiko ukikataa, ongeza mwendo wa mota. Jioni hii namzungumzia mtu aliyetuonyesha kwa nini hiyo si tiba: Julio Ottino, mzaliwa wa La Plata, Argentina, aliyepata udaktari Chuo Kikuu cha Minnesota, kisha mwaka 1991 akahamia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago.

Jaribio lake ninalolipenda kuliko yote ni la chombo cha mstatili kilichojaa glisirini, na ndani yake tone la rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Kuta za juu na chini zikisogea pamoja kwa mwendo usiobadilika, rangi hufuata njia zile zile na kurefuka polepole. Zikisogea kwa zamu, wa juu kisha wa chini, rangi hunyooshwa, hukunjwa, hunyooshwa tena. Ndivyo chapati inavyopata matabaka. Kila mkunjo ukiyazidisha maradufu, mikunjo 10 hutoa matabaka 1,024. Mikunjo 20, zaidi ya milioni moja. Glisirini inatiririka taratibu, haina msukosuko wowote, na bado kaosi, yaani mwendo usiotabirika, imezaliwa! Mtafiti Hassan Aref alikwisha kuonyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1984; Ottino na wanafunzi wake wakatuwezesha kuliona kwa macho. Picha zao zilitoka katika jarida la Nature mwaka 1988, na kitabu chake juu ya kinematiki ya kuchanganya kikafuata 1989.

Kinachonishughulisha zaidi ni visiwa. Katikati ya rangi iliyokwisha kutapakaa hubaki mabaka safi yasiyoingilika, hata uchanganye kutwa. Ukibadili muda wa zamu, kisiwa huweza kuvunjika. Katika dawa ya kupaka, kisiwa hicho ni sehemu isiyo na kiambato kinachotibu.

Punje, ambazo Ottino alizichunguza pia, hukaidi zaidi kuliko vimiminika. Zungusha pipa lenye punje ndogo na kubwa, na mara nyingi ndogo hujikusanya katikati. Hakuna punje inayoujua mpangilio huo; kila moja inasukumwa na jirani zake tu. Kwa maoni yangu, njia ya Ottino ya kuingia kwenye mifumo changamano, inayojipanga bila mchoro, ilianzia hapa. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya mifumo hiyo Northwestern. Ndege kubwa si mfumo wa aina hiyo: ina vipande mamilioni, lakini kila kimoja kina mchoro na kazi yake. Gridi ya umeme ni mfumo wa aina hiyo: hukua kwa kuunganishwa kidogo kidogo, na hitilafu ya laini moja huweza kuzima nchi nzima. Mhandisi aliyefundishwa ndege pekee hataielewa gridi.

Kwa hiyo naiomba kamati yetu ya mitaala: mwanafunzi wa mwaka wa pili avione visiwa hivi kabla hajapewa milinganyo. Glisirini, rangi, mota mbili na taa vinatosha, na chombo chenyewe karakana yetu inaweza kukitengeneza.